Jinsi ya kusoma ili ulichosoma kikae kichwani: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa sekondari

Mwaka mmoja, wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne, msichana wa darasa langu alinijia na daftari la Baiolojia lililopakwa njano, waridi na kijani kila ukurasa. Alikuwa ameisoma mada ya figo mara tano. Nikalichukua lile daftari, nikalifunga, nikamwambia, "Haya mwanangu, nieleze figo inafanya kazi gani." Akasema inachuja damu. Nikangoja. Hakikutoka kingine. Machozi yakamlenga. "Mwalimu, haki ya Mungu nimesoma."

Nilimwamini, kwa sababu alikuwa amesoma kweli. Kila alipoufungua ule ukurasa aliukuta hauna ugeni tena, na akili yake ikauchukulia ule uzoefu kuwa ndio ujuzi. Lakini kuitambua sura ya mtu mnapokutana njiani ni jambo moja, na kulitaja jina lake akiwa hayupo ni jambo jingine. Mtihani unataka hilo la pili, naye alikuwa amejizoeza la kwanza mara tano.

Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyompa siku ile kwa haraka, sasa nayaweka kwa kirefu. Yanamfaa pia mtu mzima anayesomea uuguzi, uhasibu au leseni ya udereva. Katika kila hatua naeleza kwanza ubongo unafanya nini, kisha wewe ufanye nini, maana nimeona kwamba mwanafunzi anayeijua sababu haiachi njia kirahisi siku inapokuwa ngumu.

Kwanza, ujue kumbukumbu inavyojengwa

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, kama asilimia 2 ya mwili wake, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili ukiwa umepumzika. Una seli za neva zinazokadiriwa kufika bilioni 86. Hakuna seli moja iliyokabidhiwa kulitunza neno "nefroni", yaani kichujio kidogo kilicho ndani ya figo. Kinachobeba kumbukumbu ni maungio ya seli na seli, yaani sinapsi, ambayo hupata nguvu kadiri seli hizo zinavyoamshwa pamoja. Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alichunguza koa wa baharini na kuonyesha kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubadilisha tu nguvu ya sinapsi zilizopo, ilhali ya muda mrefu inazitaka seli zitengeneze protini mpya na hata kuotesha sinapsi mpya. Hiyo ni kazi ya ujenzi, na ujenzi unataka muda. Ukiwa na imani kwamba mada nzima itaingia usiku mmoja, unaudai mwili wako kitu usichoweza kukitoa.

Mtu aliyetufundisha zaidi kuhusu jambo hili ni Henry Molaison wa Marekani. Mwaka 1953, Molaison akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji ili kumpunguzia kifafa kilichomtesa, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili za ubongo. Hipokampasi ni kiungo kidogo kilichojikunja ndani, usawa wa masikio. Kifafa kilipungua, lakini Molaison hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Aliongea vizuri, aliukumbuka utoto wake, aliweza kushikilia namba kichwani ilimradi asikatishwe. Ukitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, alikusalimu kama mgeni. Aliishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 2008.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Ni kazi ngumu, kila mtu huanza kwa kukosea. Molaison aliifanya kwa siku tatu, na kila siku alikuwa bora kuliko jana yake, ingawa kila siku alisema hajawahi kuiona kazi hiyo.

Kila nisimuliapo habari hii darasani, wanafunzi hunyamaza. Nami huwaonea huruma mgonjwa na familia yake, lakini huwataka wanafunzi pia waone mambo matatu yaliyodhihirika kwake. Kuna sehemu inayoshikilia kitu kwa sekunde chache. Kuna mlango, hipokampasi, ambao kitu lazima kiupite ndipo kidumu. Na kuna njia nyingine kabisa inayobeba ustadi na mazoea, ambayo haipiti kwenye mlango huo. Hatua zote zinazofuata zimesimama juu ya mambo hayo matatu.

Hatua ya 1: Punguza vitu vilivyo mezani

Hicho kishikilio cha sekunde chache kichukulie kama stuli ndogo, wala si meza ya kulia chakula. Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba hubeba vitu saba hivi kwa wakati mmoja. Watafiti wa baadaye wamepunguza zaidi, wakasema ni kama vinne. Ukiweka cha tano, kimoja kinaanguka.

Lakini "kitu kimoja" ni nini? Jaribu kushika tarakimu hizi kwa kuzitazama mara moja: 196119631964. Ni kumi na mbili, hazikai. Sasa zikate: 1961, uhuru wa Tanganyika; 1963, uhuru wa Kenya; 1964, Muungano. Zimekuwa vitu vitatu, na pengine hutazisahau hata kesho. Tarakimu ni zilezile. Kilichoongezeka ni ulichokuwa unakijua tayari, nacho ndicho kilichozifunga mafungu.

Kwa hiyo kabla ya kuanza mada mpya usikimbilie mstari wa kwanza. Tumia dakika kumi kusoma vichwa vya habari na michoro tu, kisha andika kwenye karatasi mistari mitano ya unachokijua kuhusu mada hiyo, hata kama unahisi ni kidogo. Unaandaa mahali pa kuning'iniza mapya. Simu iweke chumba kingine, au mpe mama akushikie. Kila ujumbe unaoingia unapanda kwenye ile stuli na kusukuma kitu chini, na ukirudi kwenye figo inabidi ukipandishe upya.

Hatua ya 2: Elewa kwanza kwa lugha unayoiota usiku

Hapa niwe wazi, kwa sababu ndipo ninapoona watoto wengi wa Tanzania wakiumia. Mtoto anasoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na sayansi yote inageuka Kiingereza. Anachofanya ili aokoke ni kukariri sentensi kama ilivyo, herufi kwa herufi. Ubongo unaweza kulifanya hilo, ila kwa gharama kubwa na kwa muda mfupi. Mwaka 1975 Fergus Craik na Endel Tulving waliwaonyesha watu maneno. Kwa baadhi ya maneno waliulizwa kuhusu umbo la herufi, kwa mengine kuhusu sauti, kwa mengine kuhusu maana. Baadaye maneno waliyoyafikiria maana ndiyo waliyoyakumbuka zaidi, kwa tofauti kubwa, hata pale ambapo hawakuwa wameambiwa wakariri.

Basi fanya hivi. Ukimaliza aya, inua macho uiseme kwa Kiswahili cha nyumbani, kama unamweleza mdogo wako. Ikigoma, hujaielewa. Irudie aya, muulize mwenzako, muulize mwalimu. Ikikubali, ndipo uipeleke kwenye Kiingereza cha mtihani na kushika yale maneno rasmi. Nimesikia hoja kwamba njia hii inachelewesha, lakini kwa niliyoyaona darasani anayechelewa ni yule anayekariri, maana atarudia kukariri kilekile kila muhula.

Halafu jiulize "kwa nini" na "inakuwaje". Nirudi kwenye figo. Kwa siku moja figo zako mbili huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Mkojo unaotoa kwa siku ni lita moja na nusu, pengine mbili. Lita zaidi ya 175 zimekwenda wapi? Mwili mzima hauna maji kiasi hicho! Mwanafunzi akikaa na swali hili dakika mbili tu, mwenyewe atafika kwenye jibu kwamba lazima zinarudishwa kwenye damu, na kwamba zile tyubu ndefu zilizopindapinda za nefroni zipo kwa ajili ya kurudisha. Hapo mchoro wa nefroni unaacha kuwa minyoo ya kukariri.

Hatua ya 3: Funga kitabu

Ukiniambia nichague hatua moja tu katika zote, nitachagua hii.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika lililokumbuka, bila kukitazama tena. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, wale wa mara nne walikumbuka kama asilimia 40, na waliojipima kama asilimia 61. La kusikitisha ni kwamba waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka.

Sababu ni kwamba kukivuta kitu kutoka kichwani kunaziamsha upya zile sinapsi, na zinaimarika kwa njia ileile utakayoihitaji kwenye chumba cha mtihani. Kusoma tena kunapitisha kitu machoni, lakini hakuitembezi njia hiyo. Walimu wa chuo cha Qur'ani pwani yetu wamelijua hili kwa karne nyingi. Mwanafunzi hapewi aya nyingine mpaka ameisoma ya jana kwa ghibu mbele ya mwalimu, msahafu ukiwa umefungwa. Kitu kinachotazamwa hakihesabiwi kuwa kimehifadhiwa.

Utaratibu wake ni huu. Soma sehemu fupi, kurasa mbili au tatu. Funga. Chukua karatasi tupu na uandike kila unachokumbuka kwa dakika kumi: maneno, mishale, michoro mibaya, chochote. Ukikwama usifungue haraka. Kaa na ule ugumu dakika moja au mbili, kwa sababu jitihada ya kutafuta ndiyo inayofanya kazi, hata usipopata. Kisha fungua kitabu na kalamu ya rangi nyingine. Ongeza ulichosahau, sahihisha ulichokosea. Hiyo rangi ya pili sasa ndiyo ramani yako: usisome tena mada nzima, soma ile rangi ya pili tu. Halafu funga tena.

Kusahihisha ni lazima. Ubongo haurekodi kama kamera. Kila tunapokumbuka tunajenga upya, na kosa lililojengwa mara tatu bila kurekebishwa hukaa kama ukweli. Ndiyo sababu mijadala ya vikundi inayofanywa bila kitabu kufunguliwa mwishoni inanitia wasiwasi: mmoja akikosea kwa kujiamini, kumi wanaondoka na kosa lake.

Mara ya kwanza utakapofanya hivi utajisikia mjinga. Karatasi itabaki nusu tupu. Nakuomba usiache. Kusoma tena na tena kunakupa raha ya kujiona unajua, na njia hii inakunyima raha hiyo, lakini ule utupu ulikuwapo siku zote, tofauti ni kwamba sasa umeuona ukiwa bado na muda wa kuujaza.

Hatua ya 4: Acha usahau kidogo, kisha urudi

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Alikariri silabi zisizo na maana, maelfu kwa maelfu, kisha akapima ni juhudi kiasi gani inaokolewa anapojifunza upya. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja ilibaki theluthi tu. Lakini kuanzia hapo upotevu ulipungua kasi: baada ya mwezi bado ilikuwapo kama moja ya tano. Kusahau kunakimbia mwanzoni, kisha kunatembea. Na kila unaporudia baada ya pengo, mteremko unaofuata unakuwa wa taratibu zaidi.

Maana yake ni kwamba saa nne za kusoma figo zikigawanywa katika siku nne zilizoachana zina faida kubwa kuliko saa nne za Jumamosi moja. Saa ni zilezile.

Kwa mada moja, ratiba yangu ni hii. Siku uliyofundishwa, jioni yake, karatasi tupu ya dakika kumi. Siku ya tatu, tena. Baada ya wiki, tena. Baada ya wiki tatu, tena. Kila mara anza kwa kuvuta kutoka kichwani, kisha ndipo ufungue. Mara ya nne huenda ikachukua dakika tano tu. Mtihani ukiwa mbali, tanua mapengo: ukiwa wiki kumi mbele, pengo la wiki moja hadi mbili linafaa; ukiwa siku kumi mbele, siku moja au mbili.

Kwa fasili, tarehe, fomula na msamiati, tumia kadi. Kata karatasi ya manila vipande vidogo, swali upande mmoja, jibu upande wa pili. Tafuta boksi la viatu, ligawe vyumba vitatu. Kadi mpya zote zinaanza chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukiijibu sawa, inahamia cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku tatu. Ukiijibu sawa tena, inakwenda cha tatu, cha kila wiki. Ukikosea, haijalishi imefika wapi, inarudi cha kwanza. Njia hii ilienezwa na Sebastian Leitner miaka ya 1970, na uzuri wake ni kwamba muda wako unakwenda kwenye usiyoyajua bila wewe kukaa kupanga. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kadi yenye maneno sitini. Kadi moja, jambo moja.

Huku kwetu neno la kazi hii lipo, kudurusu, na waliohifadhi Qur'ani wanaiita muraja'a. Wanafunzi wa chuo hufundishwa hadithi inayomfananisha mwenye Qur'ani kichwani na mwenye ngamia waliofungwa kamba: akiwaangalia wanabaki, akiwaachia wanakwenda zao. Hafidhi mzuri, hata mzee, hupitia sehemu ya yale ya zamani kila siku. Hasubiri yapotee ndipo aanze kuyatafuta.

Hatua ya 5: Changanya maswali

Hii ni fupi, na ni kwa Hisabati, Fizikia na Kemia hasa. Vitabu vingi vinaweka maswali ishirini ya aina moja pamoja. Ukifika la tatu huchagui tena njia, unanakili tu ya swali lililotangulia. Doug Rohrer na Kelli Taylor walijaribu hili kwa wanafunzi waliokuwa wakikokotoa ujazo wa maumbo, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Waliofanya maswali yaliyopangwa kwa aina walipata alama nzuri wakati wa mazoezi, lakini kwenye jaribio la wiki iliyofuata walipata asilimia 20. Waliofanya mchanganyiko walihangaika mazoezini, ila jaribio likawapa asilimia 63.

Chukua mitihani iliyopita ya NECTA, au ya KCSE kama uko Kenya, uchague maswali kutoka mada nne tofauti, uyachanganye. Kabla ya kukokotoa, andika pembeni: "Hili ni la aina gani, na nimejuaje?"

Hatua ya 6: Lala

Nimewahi kuwakuta wanafunzi wa bweni saa nane usiku, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili wasisinzie, wakipiga msuli. Ari yao niliiheshimu, na moyo uliniuma, kwa sababu walikuwa wanaikata kazi waliyoifanya mchana.

Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba mtu akijifunza kisha akalala anakumbuka zaidi kuliko akijifunza na kubaki macho kwa saa zilezile. Miaka 70 baadaye, mwaka 1994, Matthew Wilson na Bruce McNaughton waliona katika hipokampasi ya panya kwamba seli zilizowaka pamoja panya alipokuwa akitembea ziliwaka tena pamoja alipolala. Usingizini ule mlango hautulii, unaendelea kupitisha mizigo ya mchana kwenda kwenye gamba la ubongo. Anayekesha anaufungia kazi.

Kijana wa umri wa sekondari anahitaji saa 8 hadi 10. Najua ratiba ya bweni haimpi zote hizo. Basi angalau linda zilizopo: prepo ikiisha, lala, usijitoze saa mbili za ziada. Chai nzito na kahawa ziishe alasiri, kwa maana kafeini huchukua saa 5 hivi kupungua kwa nusu, na kikombe cha saa nne usiku bado kina nusu yake mwilini saa tisa. Kama una kadi ngumu, zipitie dakika kumi kabla ya kulala, kisha zima taa.

Hatua ya 7: Ifanye iwe mazoea, usiitegemee hamu

Kumbuka nyota ya Molaison. Kuna sehemu za ndani ya ubongo, chini ya gamba, zinazojifunza kwa kurudia jambo lilelile katika mazingira yaleyale, na zikishajifunza hazihitaji tena ujilazimishe. Ndizo zinazokufanya ufunge mlango bila kukumbuka umeufunga saa ngapi. Unaweza kuzikabidhi kazi ya kusoma.

Zinahitaji kichocheo kisichobadilika. "Nitasoma jioni" hakizishiki. "Nikimaliza kuosha vyombo nakaa kwenye kiti hiki na kufungua boksi la kadi" kinashika. Au "nikitoka swala ya Ishaa". Anza na kiasi kidogo ambacho hutashindwa hata siku ya uchovu, dakika 15 zinatosha. Mwaka 2010 watafiti wa London wakiongozwa na Phillippa Lally walichapisha kwamba tabia mpya ilichukua siku 66 kwa wastani wa kati kuwa ya kawaida, lakini wengine siku 18 na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu. Hilo liwafariji wanaoacha kila kitu kwa sababu Jumatano walikosa.

Kwa anayesema "mimi sina kichwa cha kusoma"

Nimesikia kauli hii kutoka kwa watoto waliorithishwa na watu wazima, na inanikasirisha. Madereva wa teksi wa London hulazimika kujifunza mitaa ipatayo 25,000 kabla ya kupewa leseni, kazi ya miaka mitatu hadi minne. Eleanor Maguire aliwapiga picha za ubongo na mwaka 2000 akaonyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Huenda walizaliwa hivyo? Akawafuatilia wanaoanza mafunzo, na mwaka 2011 yeye na Katherine Woollett wakaripoti kwamba waliofuzu sehemu hiyo ilikuwa imeongezeka, ilhali mwanzoni hawakuwa tofauti na wenzao. Kichwa kilifuata kazi.

Wala usiamini kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo. Tunautumia wote.

Ila kuna wakati tatizo si njia ya kusoma. Mtoto anayesinzia darasani kila siku anaweza kuwa na upungufu wa damu. Anayekosea kunakili ubaoni anaweza kuhitaji miwani. Aliyekuwa hodari kisha akanyamaza, akakosa usingizi na kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki kadhaa, anahitaji mtu mzima wa kumsikiliza na kumfikisha kwa daktari. Kadi hazimtibu.

Hatua ya 8: Jizoeze hofu kabla ya siku yenyewe

Hofu inapopanda, amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulika na hofu, inaamsha mwili mzima, homoni za dharura zinamiminika, na sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga mawazo inalegea. Ndipo mwanafunzi anasema kila kitu kimefutika. Hakijafutika. Njia ya kukifikia imezibwa kwa muda, ndiyo maana jibu hurudi akishatoka nje ya mlango.

Mahali nako kuna uzito. Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley waliwapa wapiga mbizi huko Scotland maneno ya kukariri, mengine chini ya maji, mengine ufukweni. Waliyojifunza chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi wakiwa chini ya maji, na ya ufukweni vivyo hivyo. Ukisomea kitandani tu, ukiegemea mto, sehemu ya kumbukumbu yako imeegemea pale. Kwa hiyo badilisha mahali: leo jikoni, kesho chini ya mwembe, keshokutwa maktaba. Na katika wiki nne za mwisho, kila Jumamosi asubuhi kaa kwenye kiti kigumu na meza tupu, weka saa mbele yako, fanya mtihani mzima uliopita bila kunyanyuka. Kifua kikibana, pumua kwa kuitoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, mara tano au sita. Ukishafanya hivyo Jumamosi nne, chumba cha mtihani si kigeni tena.

Wiki ya mwisho, na asubuhi yenyewe

Usianze mada mpya. Pitia karatasi zako zenye rangi mbili, na kadi zilizokwama chumba cha kwanza. Jioni ya mwisho, saa moja tu, kisha andaa kalamu, rula na namba ya mtihani, ulale.

Asubuhi kula, hata kama ni uji na kiazi. Usisimame kwenye kundi linaloulizana maswali mlangoni, kwa kuwa hofu ya mwenzako itapanda kwenye stuli yako. Ukipewa karatasi, soma maswali yote kwanza, anza na unalolijua vizuri kuliko yote. Ukilikuta linalogoma, liandikie pembeni maneno mawili unayoyakumbuka kulihusu, liache, endelea na jingine. Mara nyingi wakati mkono unaandika la saba, la nne linajitokeza lenyewe.

Yule msichana alikuwa na wiki tatu tu, na hazikutosha kwa mada zote. Tulichagua tisa. Siku mbili kabla ya mtihani wa Baiolojia alikuja tena, akaniomba karatasi tupu, akaketi kwenye benchi la nje. Baada ya dakika kumi akanirudishia ikiwa na nefroni nzima, mishale yake yote, na pembeni ameandika kwa Kiswahili: "Lita 180 zinaingia, lita 2 zinatoka."